Kura ya Saba ya Ng'ombe

Niliwahi kumsimamisha ng'ombe katika uchaguzi, na ng'ombe akashindwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo mlilokuja kulitafuta. Ninyi vijana wa Baraka mmesikia nikiitwa Mwalimu Ng'ombe tangu mkiwa mgongoni kwa mama zenu. Sasa mmepewa kazi niliyoifanya mimi, ya kuzunguka vijijini kuwaeleza watu uchaguzi ni nini na wagombea ni akina nani, na mmeniomba niwaandikie ninachokijua. Magoti yangu hayapandi tena mlima wa Fizi, lakini mkono bado unaandika. Mkiona nimejisifu mahali, nivumilieni. Nimefanya vitu vya kujisifia, na walionijua nikivifanya wengi wameshazikwa.

Diplome yangu ya Serikali niliipata ukimbizini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, katika shule ya turubai. Mvua ikinyesha hatukusikia sauti ya mwalimu, tulisoma midomo yake. Mwaka ule nilikuwa wa kwanza katika kambi nzima. Baba yangu hakujua kusoma, mjomba wangu hakujua kusoma, na taa niliyosomea niliitengeneza mwenyewe kwa kopo la nyanya. Siku ya kurudi niliifunga diplome katika nailoni, nikaifunga tumboni chini ya shati, ili boti ikizama tuokotwe pamoja. Nyumba hii ya matofali ninayoandikia, hakuna tofali ambalo sikulifyatua kwa mikono yangu.

Vita vilisemekana vimekwisha. Walisema hivyo redioni, na sisi tukarudi kwa sababu ya redio. Waliobaki hawakutupokea kwa vigelegele. Walituambia wao walikula mizizi msituni wakati sisi tunakula unga wa manjano wa msaada, na kwamba Kiswahili chetu sasa ni cha Kigoma, cha kujisikia. Nilipopata kazi ya kufundisha uraia, kwanza kwa kura ya katiba na kisha kwa uchaguzi wa wabunge, watu walikuja kunisikiliza ili waige ninavyosema "kwa hiyo". Nilidhani wanashangaa elimu yangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Wilondja, na yeye hakuwa na diplome. Alikuwa mtu wa foni, ile redio kubwa ya antena ndefu ambayo kabla ya simu ndiyo ilipeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Miaka yote ya vita alikimbia na antena yake begani, Fizi hadi Kilembwe na kurudi, akiwapa watu waliotawanyika habari za waliozaliwa na waliokufa. Foni ina sharti moja. Aliyepokea anarudia alichosikia, neno kwa neno, kabla ya kukata. Ukitumwa kusema mama ni mgonjwa, mwenzako akaandika mama amefariki, watu watatembea siku tatu na vyakula vya matanga kichwani wamkute mama anatwanga muhogo.

Jioni ya somo langu la kwanza kule Kazimia, nilipomaliza niliwauliza watu: mmeelewa? Wakaitikia wote, wakapiga makofi. Papa Wilondja hakupiga. Tulipokuwa tunarudi alisema, "Mwalimu, usiulizake kama balielewa. Bantu bote banaelewaka. Uliza balisikia nini."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa na diplome ya ualimu, nami nafundishwa kuuliza swali na mtu wa betri.

Hata kusoma alinisomesha upya. Maandishi ya katiba yalitufikia kwa Kifaransa, nakala chache zilizokunjika kwa unyevu. Nilipitia kurasa nikaweka alama. Akaniuliza kama nimesoma yote. Nikamjibu nimesoma yaliyo muhimu. Akauliza ni nani aliyeniambia ndiyo muhimu. Basi tukakaa siku nne nyumbani kwake, mimi nasoma kifungu kwa Kifaransa, namweleza kwa Kiswahili, yeye ananirudishia kwa Kibembe. Aliporudisha kitu tofauti na nilichosema, mara nyingi kosa lilikuwa langu. Sikumwambia hivyo, nawaambia ninyi.

Ya kazi yenyewe sina mengi. Mahali pa kufundishia, msikimbilie lubunga, kile kibanda wanapokaa wanaume wa kijiji. Nilifundisha kwenye lubunga miezi kadhaa, nikiandika katika ripoti kwamba kijiji chote kimeelimishwa, kumbe wake zao walikuwa mtoni na hakuna mume aliyefika nyumbani akarudia somo. Nendeni kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Pale wanawake wapo kwa saa nyingi, wamekaa juu ya vifurushi vyao vya muhogo, na hakuna anayeweza kuondoka. Siku nzuri zaidi ni ile mashine imekosa mazuti, yaani dizeli. Redio ya Baraka nayo ni nzuri, ila mjue betri. Watu huzianika juani kuzipa nguvu, kwa hiyo habari ya asubuhi haisikiki, ya alasiri husikika. Ninyi mna simu. Simu nayo husema uongo kwa haraka kuliko foni, na haimtaki mtu arudie.

Kuhusu wagombea, msiwaambie watu nani mzuri. Waandalieni maswali tu. Mgombea mmoja alikuja kwa boti ya mota, akasimama ufukweni Baraka na miwani myeusi, akaahidi daraja. Watu wakashangilia. Papa Wilondja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu daraja hilo ni la mto gani. Yule bwana akageuka nyuma kwa watu wake, nao wakaangalia mchanga.

"Mto wenu," akasema.

Tangu siku ile jina lake huku likawa Bwana Mto Wenu. Na kura alipata, tena nyingi, maana fulana alizogawa zilikuwa nzito na hazikuchuja rangi. Nawaambieni mapema ili msije mkavunjika moyo kama mimi. Mtu anaweza kujua na bado akachagua fulana. Kazi yenu inaishia kwenye kujua.

Sasa ng'ombe.

Kuna kijiji chini ya milima ambacho jina lake nitaliacha, kwa kuwa wenyewe bado wapo. Kabla ya vita palikuwa na soko kila Jumamosi. Watu wa mlimani, wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda, waliteremka na maziwa, siagi na maharage. Watu wa ziwani tulipanda na ndagala, yaani dagaa, na mawese na chumvi. Vita vililiua soko. Kila upande una orodha ya wafu wake, na kila orodha ni ya kweli, na mimi nimechoka kusikia zikisomwa moja juu ya nyingine.

Aliyelifufua soko alikuwa mjane mmoja, Mama Asende, muuza ndagala, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita boti. Alikwenda kwa shefu wa kijiji akamwambia watu wa mlimani waachwe wateremke, na kwamba yeye anawasimamia kwa kichwa chake. Maneno yake yalirudiwa kila mahali: "Bakibagusa, baniguse mi kwanza." Shefu akakubali, kwa kuwa naye alikumbuka siagi. Basi wakaanza kuteremka, wachache, wakiongozwa na mama aliyeitwa Nabahire, rafiki wa Mama Asende wa tangu usichana wao. Walikaa ubavu kwa ubavu, mmoja na kapu lake la samaki, mwingine na vibuyu vyake. Mara ya kwanza nilipofika, Nabahire alinipa kikombe cha maziwa mbele ya watu. Sikuwahi kunywa maziwa ukubwani. Nilikunywa kwa heshima, na sikumaliza hata kusalimia, nikakimbilia migombani. Soko zima lilicheka, pande zote mbili pamoja, na huenda ndicho kitu cha kwanza walichokicheka pamoja tangu vita.

Kabla ya uchaguzi wa wabunge tulipewa karatasi za mfano za kufundishia. Zilikuwa na picha za matunda: embe, nanasi, ndizi. Niliona ni za kitoto. Mimi, mtu wa diplome, nisimame na nanasi? Nikachora zangu, nikatia vitu vya kwetu ambavyo kila mtu angevitambua hata kama hajui kusoma. Namba moja samaki. Namba mbili ng'ombe. Namba tatu muhogo. Namba nne mchikichi. Nilichora vizuri sana. Ng'ombe alikuwa na pembe zile ndefu, ungesema atatoka kwenye karatasi. Nikazirudufu kwa mashine ya stensili. Kisha, ili zionekane karatasi za kweli, nikaenda kwenye biro, ile ofisi iliyotuajiri, nikaomba kashe, yaani muhuri, ipigwe kwenye kila moja. Mnajua sisi na kashe. Huku mtu akionyeshwa karatasi hatazami kilichoandikwa, anatazama kwanza lile duara la buluu.

Papa Wilondja alikuwa mgonjwa wa malaria wiki ile. Nilikwenda peke yangu.

Jumamosi, soko limejaa, nilipanda juu ya meza nikaeleza kila kitu: utapewa karatasi, utaingia nyuma ya pazia, utachagua kimoja tu unachokipenda, utakunja, utatumbukiza. Pazia lilikuwa kikwembe cha Mama Asende, sanduku lilikuwa katoni ya sabuni. Nikauliza mmeelewa. Wakaitikia kwa makofi. Watu walipanga foleni wakicheka, na wale wa mlimani nao nikawaita, wakapanga. Sikuwahi kuendesha somo zuri kama lile, na mpaka saa ile nisingekubali mtu aseme vingine.

Kisha nikahesabu kura hadharani, nikifungua karatasi moja moja na kutaja kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Samaki. Samaki. Samaki. Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kuitikia. Samaki! Nilipofungua ya kwanza ya ng'ombe, mmoja akalia kama ng'ombe. Watu wakacheka. Ya pili, wakalia watatu. Muhogo ulipata kura chache, mchikichi moja. Mwishoni nikatangaza kwa sauti kubwa, maana namba nzuri hutangazwa: ng'ombe, kura saba.

Kulikuwa na watu sita wa mlimani pale sokoni. Kila mtu aliweza kuwahesabu, na kila mtu aliwahesabu.

Hapo niliona nilichofanya, ila nilikiona kama mtu anavyoona kikombe kikianguka. Vijana walianza kuimba kwamba ng'ombe ameshindwa, ng'ombe apande kwao. Nikapiga kelele kwamba ni mfano tu, ni picha. Mmoja akainua karatasi moja iliyohesabiwa akanionyesha kashe. Nabahire alifunga vibuyu vyake, bado vimejaa, akasimama, na wenzake watano wakasimama, wakaondoka wakipita katikati ya mlio ule. Mama Asende aliwafuata hadi kwenye kijito, akarudi peke yake.

Ndipo mtu akauliza: sita ni wale, wa saba ni nani?

Ninyi mliozaliwa baadaye, nieleweni. Siku zile kuambiwa wewe ni wa upande wa pili halikuwa tusi la kusameheana jioni. Ilikuwa hukumu, na wenye kuitekeleza walikuwa na bunduki vilimani, hawakuwa mbali. Wiki nzima vijana wale walizunguka wakimtafuta wa saba. Walikwenda kwa fundi wa baiskeli kwa sababu aliwahi kuishi Uvira pamoja na watu wa mlimani. Walikwenda kwa katekista kwa sababu tu alinyamaza.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyeteremka. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Mama Asende alifika nyumbani kwangu Baraka kwa miguu, vumbi hadi magotini. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, weye ulisoma, mi sikusoma," alisema. "Ile wa saba benye banatafuta, ni mi."

Nikaufunga mlango, naye akaendelea.

"Ulisema tuchague kitu tunapenda. Mi napenda maziwa. Samaki naiuzaka kila siku, minaichoka. Sasa balifika kwa fundi, balifika kwa katekista. Kesho batafika kwangu, batasema: ule mama alibasimamia, kumbe ni wao. Batanimaliza, na soko itakufa pamoja na mi. Ile diplome yako inasema nini juu ya ile?"

Nilimwambia nitafikiri. Akajibu kwamba nimefikiri vya kutosha siku ile nilipokuwa nachora.

Nilikwenda kwa Papa Wilondja, nikamkuta bado amejifunika blanketi. Sikumtajia mama. Nilimweleza tu karatasi, kashe, hesabu, na kwamba namjua wa saba na siwezi kumtaja. Nilitegemea anilaumu. Aliniuliza tu niliwauliza nini watu nilipomaliza somo, nami nikamwambia. Akafumba macho.

"Foni ikipeleka bibaya," akasema, "ule alituma njo anarudia." Yaani aliyetuma ndiye anayerudia.

Jumamosi ya tatu nilipanda juu ya meza ileile. Papa Wilondja alikuwa amekaa chini yangu, anatetemeka kwa homa. Na mimi, wa kwanza wa kambi nzima, niliwaambia watu kwamba kura ya saba ya ng'ombe ni yangu. Nilisema mwalimu hujaribu karatasi kabla ya wengine, na kwamba nilimchagua ng'ombe kwa sababu ndiye mchoro niliouchora vizuri kuliko yote. Ilikuwa uongo. Katika kazi yangu yote ndio uongo pekee niliousema juu ya meza. Kura ni siri ya aliyeipiga, sheria inasema hivyo, nami nilikuwa nimeimwaga siri ya mtu sokoni kama maji. Sikuona njia nyingine ya kuizoa.

Kijana aliyekuwa kinara wao alinitazama. Akauliza, "Mwalimu anapigaka kura katika mutihani yake mwenyewe?"

"Akiwa mujinga, ndiyo," nikamjibu kwa Kiswahili chao.

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa muhogo. Mtu akalia kama ng'ombe, safari hii akinitazama mimi, na soko lote likafuata. Nikasimama nikawaacha walie hadi wachoke. Jina langu la Mwalimu Diplome lilikufa pale, na lile mnalolijua likazaliwa. Na utafutaji wa wa saba ukaisha siku ileile, maana aliyepatikana alikuwa anachekesha kuliko anavyotisha.

Walipotulia, niliuliza swali la Papa Wilondja: Jumamosi ile mlisikia nini? Hapo nikasikia. Mzee mmoja alisema alisikia kwamba Serikali imeuliza nani abaki, wa samaki au wa ng'ombe, na wa samaki wameshinda. Mama mmoja akasema yeye alisikia kwamba ng'ombe watachukuliwa na watu watagawiwa. Wengine wakakubali kwa vichwa. Hawakuwa wajinga. Niliwapa karatasi yenye picha yao na picha ya majirani zao, nikaipigia kashe, nikawaambia wachague kimoja. Walisikia nilichosema.

Tulifundisha upya. Papa Wilondja alichora ubaoni jembe, chungu, sindano na taa, vitu ambavyo kila nyumba inavyo, mlimani na ziwani. Hakuna kashe.

Ilibaki mlimani. Tulipanda sisi wawili katikati ya wiki, tukipumzika kila alipokohoa. Kwenye bariera, kizuizi cha njiani, vijana wenye bunduki walitaka karatasi ya safari. Niliwapa. Walitazama duara la buluu wakatupisha. Kashe ileile ya biro ileile. Papa Wilondja aliniangalia, nami nikaangalia njia.

Nabahire na mumewe, Muzee Muhoza, walitupokea kwa baridi, lakini walitupokea. Muzee aliingia ndani akatoka na karatasi yangu ya mfano waliyopanda nayo kutoka sokoni, imefungwa katika nailoni kama nilivyoifunga diplome. Waliitunza kama ushahidi. Nilimwambia ng'ombe yule nimemchora mimi, na kashe nimeiomba mimi, na hakuna Serikali iliyouliza swali lolote. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Watu wenye karatasi za kashe hawana desturi ya kuja kusema wamekosea.

Kisha akataka nisome orodha ya wagombea, ile niliyoinakili kwa mkono Fizi. Nilitaka kuruka majina mawili ya watu waliojulikana kwa kuwasema vibaya watu wa mlimani.

"Soma yote," akasema. "Hata benye habatupendi. Benye habatupendi njo tunapashwa kujua sana."

Nikasoma yote, na nilichokijua juu ya kila mmoja, alipoishi wakati wa vita na alichoahidi. Muzee Muhoza akauliza kama mbunge akishinda anaweza kuwafukuza. Nilimjibu kile ambacho siku nne za Papa Wilondja zilinifundisha: mbunge hutunga sheria pamoja na wenzake kule Kinshasa, hana kifungu kinachomruhusu kumfukuza mtu sokoni. Akasema karatasi amesikia, na watu je? Nikamwambia watu siwajui. Nadhani jibu hilo ndilo lililompendeza, kwani hapo ndipo alipoagiza tuletewe chakula.

Ndipo Nabahire akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, wa saba alipatikana?

"Ni mimi," nikasema.

Akainuka, akamimina maziwa kwenye kikombe, akakiweka mbele yangu. Sikukigusa. Kona ya mdomo wake ikacheza.

"Weye," akasema. "Weye maziwa inakukimbizaka mu migomba."

Hakuuliza tena. Alikichukua kikombe akakinywa mwenyewe, polepole, anatazama chini bondeni kuelekea sokoni. Alikuwa na rafiki mmoja tu kule chini ambaye angeweza kumchagua ng'ombe. Hakulitaja jina lake, wala mimi, wala Papa Wilondja ambaye aliangalia ukuta kwa bidii.

Jumamosi iliyofuata aliteremka. Wenzake wawili tu walimfuata, wengine walisubiri waone. Mama Asende alikuwa ameweka jiwe mahali pake ili mtu asipakae, akaliondoa bila kusimama. Sikusikia walichoambiana, walisema kwa Kibembe na Kinyarwanda kwa zamu, kama wazee wa soko lile walivyosema zamani. Nilipokuja kununua ndagala, Mama Asende alipokea kitu kutoka kwa Nabahire, akakikunja kama kipeto, akajaza samaki, akanipa. Ilikuwa karatasi yangu, ng'ombe wa pembe ndefu kwa nje, na kashe.

"Shika diplome yako, Mwalimu Ng'ombe," akasema, na wote wawili wakaangalia pembeni.

Siku ya kura yenyewe niliwaona kwenye foleni moja, Mama Asende mbele, Nabahire nyuma yake, jua linawaka. Walichagua nani sijui. Sikuuliza, na safari hii hakuna aliyehesabu.

Soko lile halipo leo. Vita vingine vilikuja, vyenye majina mengine, na kijito kile sasa ni mpaka tena. Papa Wilondja alifariki kwa malaria yake ileile. Mama Asende alizikwa mwaka uliopita. Aliniruhusu akiwa kitandani kuisema kura yake: "Nikishazikwa, sema, labda batacheka." Nabahire sijui alipo. Nilimtumia salamu kwa njia zote nilizozijua, hakuna aliyerudia.

Basi nendeni. Someni karatasi yote kabla ya kufungua mdomo, na msiondoke mahali kabla hamjasikia walichosikia. Karatasi ya ng'ombe ninayo. Nilikula ndagala, nikaikausha, nikaiweka katika bahasha moja na diplome yangu, kwa kuwa nyumba yangu ina bahasha moja tu nzuri. Mkipita njooni niwaonyeshe. Mtalazimika kuvumilia harufu, maana miaka yote hii imepenya, na sasa vyote viwili vinanuka samaki.